Nyumba Juu, Shamba Chini: Siku Sita Rufiji Baada ya Mafuriko

Jumamosi, 20 Julai 2024: Mbagala hadi Ikwiriri

Basi liliondoka Mbagala Rangi Tatu saa mbili kasoro robo asubuhi, na kitu cha kwanza kilichonishangaza kilikuwa juu ya keria: milango miwili mipya ya mbao, imefungwa kwa kamba pamoja na bati na godoro. Kwa miaka yote niliyosafiri njia hii nimezoea kuona mbao na milango ikitoka Rufiji kwenda Dar es Salaam, si kurudi. Mwenye milango alikuwa kijana anayeendesha bodaboda Temeke. Aliniambia kwamba nyumba ya mama yake ilikaa majini kwa wiki tano na kuta za udongo zikaanguka, na kwamba sasa wanajenga upya, lakini juu, katika kiwanja cha mjomba wake. Nilipomuuliza kama mama yake ameacha kulima bondeni, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto, akajibu: "Akiacha bonde atakula nini, kaka?"

Mimi nilikuwa nakwenda kumjulia hali mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama yangu, anayeishi Ikwiriri, kilomita zipatazo 170 kusini mwa jiji. Tangu Aprili tulikuwa tukizungumza kwa simu tu. Mwezi huo mvua za El Niño zilikuwa zimejaza mito sehemu nyingi za nchi, na tarehe 25 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekwishapoteza maisha na kaya zaidi ya 51,000, zenye watu wapatao 200,000, zilikuwa zimeathirika. Wilaya za Rufiji na Kibiti zilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Kabla maji hayajapungua, kimbunga Hidaya kikafika pwani karibu na Mafia tarehe 4 Mei, na mvua zake zikakata barabara ya Lindi eneo la Somanga.

Nyumba ya mama mdogo nimeikuta imesimama kama ilivyokuwa, kwa sababu iko juu, umbali wa saa nzima ya kutembea kutoka shambani. Kilichokwenda na maji ni ekari mbili na nusu za mpunga uliokuwa umeanza kuchanua, dungu, yaani kibanda cha kulindia shamba, mtumbwi wa kuazima, na kibuyu cha mbegu ya mpunga aliyoirithi kwa mama yake. Waandikishaji wa misaada walipopita mtaani walimuuliza swali moja: nyumba yako imeanguka? Akasema haikuanguka. Wakamwambia, kwa heshima zote, kwamba yeye si mwathirika. Amenisimulia jambo hili akicheka, lakini ameirudia hadithi hiyo mara tatu kabla ya kulala.

Jumapili, 21 Julai: Darajani, Chumbi, Muhoro

Asubuhi nilisimama kwenye Daraja la Mkapa, lenye urefu wa takriban mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo wasafiri wa Lindi na Mtwara walivuka kwa kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea walilala ukingoni siku kadhaa. Mto leo umerudi kwenye mkondo wake, wa rangi ya chai ya maziwa, na kingo zake zimechongwa upya. Asiyeujua atauona mpole. Lakini maji yanayopita hapa yamekusanywa kutoka karibu sehemu ya tano ya Tanzania Bara: Ruaha Mkuu kutoka nyanda za juu, Luwegu kutoka kusini, na Kilombero, ambao peke yake huleta zaidi ya nusu. Ndiyo maana watu wa hapa hawasomi mafuriko kwa kutazama wingu lililo juu ya paa lao. Mvua inaweza kuwa haijanyesha Ikwiriri kwa wiki mbili na maji yakaja usiku, kwa sababu ya mvua iliyonyesha Mahenge au Njombe.

Wazee waliniambia zamani maji "yalikuwa na adabu". Yalipanda polepole, na mtu aliyechomeka kijiti ukingoni jioni aliweza kukadiria yatafika wapi baada ya siku tatu. Safari hii, wanasema, vijiti havikusaidia. Hapa ndipo mazungumzo yote yanapoishia kwenye Bwawa la Julius Nyerere, lililo upande wa juu wa mto huu, lililoanza kujazwa Desemba 2022 na ambalo mtambo wake wa kwanza kati ya mitambo yenye jumla ya megawati 2,115 uliwashwa mapema mwaka huu. Maelezo ya kiserikali ni kwamba bwawa lilizuia maji mengi ambayo yangekuja mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Wakazi wengi niliozungumza nao hawayakubali maelezo hayo. Mimi nimeona kwamba chini ya ubishi huo kuna hofu mbili zinazopingana: hofu ya maji kufunguliwa ghafla, na hofu kubwa zaidi, ambayo wakulima waliizungumza kwa sauti ya chini, kwamba siku moja maji hayatafunguliwa kabisa, na bonde litabaki kavu bila tope jipya.

Muhoro nilifika saa sita. Kwenye nyumba za matofali mstari wa maji bado unaonekana, wa kahawia, usawa wa kifua changu. Nyumba nyingi za miti na udongo zimebaki mifupa. Mwenye duka mmoja, mtu mzima wa miaka sitini hivi, sasa anauza sukari, sabuni na betri juu ya meza chini ya mwembe. Amehamishia familia Chumbi, kwenye mwinuko, ambako watu wengi wa Muhoro wanajenga, lakini kila alfajiri hurudi na baiskeli yenye bidhaa. Nilimuuliza kwa nini asihamishie na duka. "Usingizi uko kule, biashara iko huku," alisema. Wateja wake ni wavuvi na wakulima wanaoshuka bondeni na deltani, na hao hawapiti Chumbi.

Jumatatu, 22 Julai: Mlau

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, mama mdogo mbele, mjukuu wake wa kiume wa miaka kumi na saba katikati, nami nyuma nikiwa nimebeba dumu la maji na jembe ambalo nilishindwa kulishika bila kujigonga kisigino. Likizo ya shule haikuwa imeisha kwa kijana huyu, kwa maelezo yake; sikuuliza zaidi. Tulivuka kijito kwa mtumbwi wa mti mmoja, mvushaji akisukuma kwa upondo na akituonya tusitie mikono majini kwa sababu ya mamba.

Shamba la mlau ni jambo ambalo nimelisikia tangu utotoni bila kulielewa vizuri hadi leo. Masika yakiisha na mto ukianza kurudi nyuma, huacha ardhi iliyoloa na tope laini lenye rutuba. Mkulima huyafuata maji kwa nyuma. Pale yalipoondoka wiki hii anapanda, pale yatakapoondoka wiki ijayo atapanda tena. Mlau haungoji mvua. Mmea hula unyevu uliobaki chini, na mizizi yake hushuka kuufuata kadiri unavyozama. Kwa hiyo shamba la mama mdogo linaonekana kama ngazi. Juu, karibu na ukingo wa asili wa mto, mahindi yamenifika mabegani na yameanza kutoa mbelewele. Katikati yananifika kiunoni. Chini kabisa, karibu na dimbwi ambalo bado halijakauka, ni vichipukizi vya wiki mbili, na kati yake zimetambaa kunde na maboga. Akijaliwa, atavuna ngazi ya juu mapema Septemba na ya chini Oktoba, wakati ghala za watu wa juu zimekwisha.

Mtu wa mbali akisikia neno mafuriko huwaza hasara tu. Ukimsikiliza mama mdogo unagundua kwamba kwake mafuriko ni mkopo na malipo pamoja. Mpunga hupandwa bondeni mvua za mwanzo zinaposhika, hukua na maji, na huvunwa yanapopungua. Maji yakija kwa kiasi, mtu huvuna mpunga na kisha mlau. Yakizidi, mpunga hufa lakini mlau hunenepa. Yasipokuja, hupata mpunga hafifu na mlau haupo. Kati ya miaka hiyo mitatu, anaouogopa zaidi ni wa tatu.

Hata hivyo mwaka huu haukuwa wa kawaida hata kwa kipimo hicho. Maji yalikaa sana, hivyo upanzi ulichelewa. Jirani yake wa upande wa kusini hakuachiwa tope bali mchanga mweupe, kina cha goti, na hapo hapatoki kitu. Amepewa kipande cha kulima na shemeji yake kwa mwaka mmoja, bila malipo isipokuwa maboga. Mipaka nayo ilifutika. Mkuyu uliokuwa alama kati ya familia tatu uling'olewa, na wazee wakakaa siku mbili wakibishana juu ya shina lililokuwa halipo, hadi mama mmoja alipokumbuka mahali alipokuwa akitua ndoo. Pakawekwa jiwe.

Dungu jipya lilikuwa limekamilika nusu. Hiki ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye sakafu ya fito, na hapo mlinzi hukesha akifukuza nguruwe pori na viboko usiku, tumbili na ndege mchana. Kijana alikuwa akifunga fito kwa kamba za gome, na nilimuuliza kwa nini nguzo za mwaka huu ni ndefu kuliko nilizoziona miaka ya nyuma. Alijibu bila kuinua kichwa kwamba bibi ameagiza ziongezwe dhiraa moja.

Wakati wa chai, chini ya kivuli cha dungu hilo, mama mdogo alinieleza jinsi ukoo ulivyofika juu. Kabla ya mwaka 1968 watu waliishi humu humu bondeni, nyumba zikiwa zimetawanyika juu ya vinundu na nyingine zimeinuliwa kama madungu, na masika walitembeleana kwa mitumbwi. Mafuriko ya mwaka huo yalipokuwa makubwa, serikali ikaamua watu wahame, na katika mwaka huo na uliofuata wakapelekwa kwenye vijiji vilivyopangwa juu ya mwinuko, miaka kadhaa kabla operesheni ya vijiji haijafika sehemu nyingine za nchi. Yeye alikuwa msichana mdogo. Anakumbuka kwamba shule, zahanati na barabara walivipata, na kwamba baba yake alirudi bondeni kulima mwaka uleule, akawa mtu wa makao mawili. Mafuriko mengine makubwa yalipokuja mwaka 1974, na tena wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, nyumba zao zilikuwa salama na mashamba yao yalikuwa yaleyale. "Serikali ilihamisha vitanda," alisema. "Vyungu vilibaki huku."

Tulirudi jua likizama. Njiani tulipishana na ng'ombe wasiopungua arobaini wakiteremka kunywa maji. Wafugaji walianza kuja kwa wingi huku baada ya kuondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, na kiangazi ndipo majani mabichi hupatikana bondeni peke yake, yaani katikati ya mlau. Mama mdogo alimwamkua mchungaji kwa jina, akamuuliza habari za mkewe, kisha akamwonyesha kwa kidole njia ya kupita. Kumbe wamekubaliana: mabua baada ya mavuno ni ya ng'ombe, na samadi ibaki shambani. Si kila jirani ana mapatano ya namna hiyo, na damu imewahi kumwagika.

Jumanne, 23 Julai: Ikwiriri

Miguu ilikataa kutoka. Nilishinda barazani na mama mdogo na wenzake watatu waliokuwa wakisuka mikeka ya ukindu, kazi ambayo zamani aliifanya kwa kupitisha muda na sasa ndiyo inayonunua sukari, mafuta ya taa na daftari. Mkeka mmoja mkubwa humchukua wiki mbili au zaidi, kwa kuwa miyaa lazima ichanwe, ikaushwe na itiwe rangi kwanza. Wanne hawa wana kikoba chao; kila wiki huweka fedha kidogo, na Aprili walilivunja sanduku kabla ya wakati wake ili kila mmoja anunue unga. Mmoja, ambaye hakuridhika na fungu lake, alikwenda kwenye mikopo ile ya riba kubwa iitwayo kausha damu. Mpaka leo anarejesha kila siku, na mkeka aliokuwa akisuka ulikuwa umekwishauzwa kabla haujafika nusu.

Nilijaribu kuandika kwenye daftari vyanzo vyote vya riziki ya nyumba hii. Mlau; mikeka; fedha za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini; mwanawe wa kwanza aliyeko Mbagala, anayetuma anapoweza; binti aliyeolewa Bungu mwenye mikorosho; mjukuu anayefanya kibarua cha kupalilia na kupuliza dawa ya salfa. Hakuna hata kimoja kinachotosha. Wakati wa njaa kali ya Mei, aliniongezea kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu, walichimba ndiga porini, wakazimenya, wakazikata vipande na kuziloweka siku kadhaa ili sumu itoke. Anayekosea kipimo huumwa, hata kufa. Maarifa hayo aliyapata kwa bibi yake, na mjukuu sasa anayajua.

Jumatano, 24 Julai: Sokoni na juu mikoroshoni

Samaki wamekuwa wengi. Maziwa ya bondeni, kama Ruwe, Zumbi na Utunge, hulishwa na mto unapofurika, na miaka ambayo mto haufiki samaki hupungua mwaka hadi mwaka. Sasa perege na kambale wamejaa, wakavu na wabichi, na wanaume kadhaa ambao Machi walikuwa wakulima wa mpunga leo ni wachuuzi wa samaki wa kuokwa. Bei imeshuka mno, alilalamika mmoja wao, akasahau kwamba dakika tano kabla alimshukuru Mungu kwa wingi huohuo.

Mchana nilikwenda kwa yule binti wa Bungu. Huku udongo ni mchanga, mafuriko hayafiki, na kaya zilizo na mikorosho na ufuta zimeendelea na maisha. Ufuta umekwishavunwa na kupelekwa ghalani kusubiri mnada. Wengi wanasema suluhisho ni watu wa bondeni wahamie mazao ya juu. Binti alinionyesha tatizo la ushauri huo kwa kuhesabu miti. Mkorosho huanza kuzaa vizuri baada ya miaka kadhaa, ardhi ya juu ina wenyewe, na anayekuja sasa huja kama kibarua. Yeye amempandia mama yake mikorosho kumi na miwili pembezoni mwa shamba la mumewe, kwa idhini ya mume. Mikubwa inanifika kiunoni.

Alhamisi, 25 Julai: Nyamisati

Kutoka Bungu nilichukua bodaboda hadi Nyamisati, bandari ya boti za Mafia na mlango wa delta, ambako mikoko inafunika zaidi ya hekta 50,000. Nilikuwa na agizo. Mama mdogo alikumbuka kwamba wifi yake, alipoolewa huku miaka mingi iliyopita, alichukua pishi moja ya mbegu ileile ya mpunga iliyopotea Aprili: mbegu ndefu, ya bondeni, inayorefuka maji yanapopanda.

Wifi huyo, ambaye nilimwamkia shikamoo na akanijibu marahaba kabla hajajua mimi ni nani, anaishi ng'ambo ya mkono wa mto, robo saa kwa ngalawa. Hapa Hidaya iliwakuta tayari wamo majini. Kiangazi wanaume huvua na wengine hukata nguzo za mikoko kwa kibali, na kamba, ambao hutegemea maji baridi ya mto, walipatikana kwa wingi baada ya masika. Mpunga wa huku hulimwa mahali palipofyekwa mikoko, na adui yake ni chumvi. Shamba hulimwa miaka michache kisha huachwa kwa magugu na chumvi. Ndiyo maana sikuamini masikio yangu aliposema kwamba msimu ujao anautarajia kuwa mzuri. Akaniokotea donge la udongo, akalivunja, akalionja kwa ncha ya ulimi, akanipa nami nionje. Mafuriko yameosha ardhi. Mashamba mawili aliyoyaacha miaka minne iliyopita amekwishaanza kuyafyeka upya.

Mbegu anaihifadhi juu ya meko, kwenye uchaga, ili moshi uzuie wadudu. Alinipimia pishi tatu, akakataa fedha, akasema mama mdogo atalipa kwa pishi tatu mwakani, na kama mwakani maji yatachukua tena, basi mwaka utakaofuata. Alinisisitizia jambo moja nimfikishie: asiiweke yote nyumba moja. Nusu iwe Ikwiriri, nusu kwa binti Bungu.

Nilirudi njia panda ya Bungu saa kumi jioni. Nusu ya kwanza niliiacha kwa binti. Nyingine niliitia kwenye gunia dogo, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito jina na namba ya simu ya mjukuu, nikamkabidhi kondakta wa basi la Ikwiriri na shilingi elfu mbili za mzigo. Aliuliza ni nini. Nilipomwambia mbegu ya mpunga, aliitoa kwenye buti alikokuwa ameitupa, akaiweka mbele karibu na kiti cha dereva, kisha basi likaondoka nami nikavuka barabara kusubiri gari la Mbagala.